Msimwamkie Mwenye Chumvi Mkononi

Mtu akiwa na chumvi mkononi, haamkiwi. Hiyo ndiyo amri niliyoitoa kazini miaka nenda miaka rudi, na ndiyo iliyonipa jina baya mtaani. Watu wa Kibokoni walikuwa wakisema, "Yule Swafia wa hospitali kasoma mpaka adabu imemtoka." Basi nyinyi mnaoianza kazi hii leo, na vyeti vyenu na viatu vyenu vyeupe, ketini niwaambie amri ile ilitoka wapi. Kisha nitawaambia kwa nini siku hizi natamani mtu aje aivunje.

Kazi yetu haijapata jina zuri mitaani. Daktari hutibu, muuguzi huuguza, sisi je? Marehemu mama aliwaambia majirani mpaka mwisho wake kwamba mwanawe yuwafundisha watu wazima kufunga vifungo. Hakukosea. Mtu akiumia kichwa, au akipatwa na kiharusi, huletwa kwetu tumrudishe kwenye mambo ya kila siku: kuvaa, kupika chai, kuvuka barabara, kwenda dukani akarudi na kile alichokwendea. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo nililolipenda.

Aliyenifundisha ni Madamu Mwikali, Mkamba wa Machakos, mtu wa kanisa, mrefu, sauti yake wodi nzima waisikia. Alikuja Mombasa kumfuata mumewe aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Kiswahili chake kilinichekesha mwanzoni, na changu kilimchekesha yeye. Siku ya kwanza alinitia kidole hapa, juu ya nyusi, akaniuliza, "Nyuma ya hapa kuna nini?"

Nikasema ubongo.

"Ubongo umejaa kichwa kizima, wewe. Hapa mbele hufanya kazi gani?"

Nikaanza kumtolea majina marefu niliyoyakariri chuoni. Akanikata. Akaenda akaleta sinia na vikombe vya chai vilivyojaa pomoni, akaniambia nitembee nalo mpaka mwisho wa wodi huku nikimtajia siku za wiki kinyumenyume. Nilifika Jumatano, chai ikanimwagikia mpaka viatuni. Wagonjwa walicheka, mmoja wao alikuwa hajacheka tangu aletwe.

"Sasa umeelewa," akasema.

Nami nawaeleza nyinyi vivyo hivyo. Watu hudhani kumbukumbu ni kitu kimoja. Kuna kumbukumbu ya kabatini: jina la mwalimu wako wa chuoni, harusi ya shangazi yako, njia ya kwenda sokoni. Hiyo imewekwa na imetulia. Tena kuna kumbukumbu ya kwenye sinia, ambayo vitabu huiita kumbukumbu tendaji. Ni yale machache unayoyashika sasa hivi huku ukiyafanyia kazi. Nimetia tangawizi, bado hiliki. Nambari uliyotajiwa na hujaiandika bado. Sinia hilo ni dogo kwa kila mwanadamu, hata awe profesa. Na hapa mbele, nyuma ya paji la uso, pakisaidiana na sehemu nyingine za ubongo, ndipo penye mkono unaolishika. Mkono huo hukumbuka unakwenda wapi, huvikinga vikombe visipigwe kikumbo, hukiondoa kilichokwisha kazi na kukipa nafasi kipya.

Mkono ukiumia, kabati huenda lisiguswe kabisa, na hapo ndipo wagonjwa wetu wanapoonewa. "Yuwakumbuka nyimbo za harusi ya miaka thelathini iliyopita, asikumbuke kuzima jiko la leo? Huo ni ujeuri." Si ujeuri, wanangu. Mara ngapi nimelisema neno hilo kwenye vizingiti vya watu.

Nilikuwa na mzee mmoja wa Kizingo, mstaafu wa serikali. Kiharusi kilimpata hapo mbele, chepesi, na akili yake ukiisikiliza ni timamu, atakuchambulia siasa mpaka uombe udhuru. Lakini akitumwa mkate, na njiani mtu akamwambia tu, "Tazama, wameukata ule mti," basi mkate hauko tena. Atarudi na gazeti, au mikono mitupu, ametabasamu. Mkewe alikuja kulia kwangu, ana hakika mume amepata mwanamke mwingine, kwa sababu hutoka kila siku na harudi na kitu. Tiba yake ilikuwa ni yule mama afuatane naye dukani, na afundishwe kunyamaza wakiwa njiani. Mzee alijifunza upesi kuliko mkewe.

Na simu zenu hizo mlizozilaza mapajani hivi sasa, zinazowalilia kila nikifika kwenye maana, nazo ni watu wa kukuonyesha mti. Zigeuzeni uso chini.

Lakini niliyekusudia kuwaeleza ni Bi Zuhura. Nina hamu naye leo, kwa sababu jirani yangu alikaanga vitunguu asubuhi na harufu yake ikanijia mpaka kitandani.

Bi Zuhura alikuwa mpishi wa harusi wa Mji wa Kale. Ukiolewa Kibokoni siku zile na biriani yako haikupikwa naye, watu waliuliza kuna nini. Sufuria tatu kubwa uani, moja ya nyama, moja ya maji ya wali, moja imekwisha kupaliwa makaa juu ya mfuniko, naye katikati amejifunga leso kiunoni, ajua kila moja imefika wapi, huku akimgombeza huyu na kumtania yule. Nilimwona nikiwa msichana nikadhani wazee wote wako hivyo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba lile lilikuwa sinia kubwa kuliko nitakaloliona tena maishani.

Kisha akaanguka kwenye ngazi za nyumba yake, mnazijua ngazi zetu zile za mwinuko, akapiga paji la uso kwenye kizingiti.

Alipofika kwetu jeraha lilikuwa limeshapona. Mkono mzima, mguu unauma kidogo, ulimi ndio kwanza umepata makali. Lakini akianza kukaanga vitunguu, akakiona kisu, ataanza kumenya viazi, na mafuta yataungua yakimngoja. Bintiye Rukia alikuwa amemkataza jikoni. Na katika siku hizo hizo Nasra, mtoto wa Rukia, akaposwa.

Bi Zuhura alikuwa na neno moja tu, alilisema kwangu, kwa daktari, kwa mfagiaji wa wodi. "Nimewapikia watoto wa watu wote. Huyu wangu apikiwe na nani?"

Rukia alikuwa amekwisha kuzungumza na mpishi wa kukodi. "Dada Swafia, mamangu aaibike mbele ya wakwe? Nampenda, ndiyo maana sikubali."

"Nikipikiwa harusi hii," mamake akasema, "nipikieni na hitima yangu pamoja."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa hatanii.

Pale hospitali tulikuwa na jiko letu la kufanyia mazoezi, la gesi, kila kitu kipya na kila kitu kidogo. Bi Zuhura alilitazama akasema, "Hili la watoto kujipikilisha." Akapika chai ambayo hata paka angeikataa. Nilipoandika kwamba ameshindwa, Madamu Mwikali, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu, alisoma akanirudishia karatasi. "Mgonjwa wako hapiki hapa. Mfuate anakopika."

Kwa hivyo nikawa natoka Tononoka kwenda Kibokoni kila Jumanne, na bizari zimenishika mpaka kwenye ushungi. Njia yetu ilikuwa hii, na mwaweza kuichukua hata leo. Kila kiungo kilipimwa mapema kikatiwa kwenye bakuli lake. Mabakuli yalipangwa kwa zamu, kuanzia kushoto. Likishamwagwa bakuli, linafudikizwa hapo hapo, chini juu, ili jicho liseme kile ambacho kichwa kimekidondosha. Na kila tendo lisemwe kwa sauti: nimetia tangawizi, bado kitunguu thomu. Sauti ni mkono wa pili wa kulishikia sinia. Tukaanza na sufuria moja, tukaenda kwenye mbili.

"Nimerudishwa chuoni," alikuwa akinung'unika, "nasoma alifu kwa kijiti." Lakini alisoma. Ubongo ulioumia si lazima urudi ulivyokuwa, nanyi msimdanganye mtu hilo. Mwenyewe ndiye hujifunza kubeba kwa njia nyingine.

Rukia akakubali kumjaribu. Apike Ijumaa moja, jamaa waje kula, kisha iamuliwe.

Ijumaa hiyo nilikaa uani juu ya kibao, nikingoja kama kwamba mtihani ni wangu. Alikwenda vizuri. Nyama ilishika viungo, vitunguu vilikauka rangi ya dhahabu. Akachukua bakuli la chumvi, akaimwaga kwenye maji ya wali, na kabla hajalifudikiza akaingia jirani.

"Sabalkheri, Bi Zuhura."

"Sabalkheri, mwanangu."

"Umeamkaje?"

"Alhamdulillahi."

"Na mguu?"

"Una nafuu."

"Rukia hajambo? Nasra je? Na yule mwanao wa Malindi?"

Mnazijua salamu zetu. Madamu Mwikali alikuwa akisema kwamba Mombasa ukisalimiana na mtu stesheni, treni itafika Voi ndipo uulizwe habari za watoto. Bi Zuhura akajibu moja baada ya moja, kwa heshima yake, na bakuli tupu akaliweka chini vivyo hivyo, uso juu. Yule jirani, mwenye mkono mwepesi na moyo mwema, akaliona tupu, akalijaza chumvi kusaidia. Nami nilikuwa nimegeuka kumpokea mwingine aliyeingia, maana na mimi nimelelewa. Bi Zuhura aliporudi kwenye sufuria alilikuta bakuli lake limejaa, linamngoja. Akatia.

Wali ulikuwa chumvi tupu. Tulitia viazi, tukakamua ndimu, haikufaa kitu. Rukia alikunywa maji tu, gilasi baada ya gilasi, na kila gilasi mamake aliiona. Mwisho Bi Zuhura akaonja punje kwa ncha ya kidole, akapangusa kidole kwenye leso.

"Mpigieni simu mpishi wenu," akasema, akapanda juu.

Nilikwenda kwa Madamu Mwikali nimevunjika moyo. Hakuniuliza habari za viungo wala za mabakuli. Aliniuliza, "Nani aliingia?"

"Majirani tu. Waliingia kumwamkia."

Akacheka mpaka akashika meza. "Swafia, nyinyi mwauana kwa adabu." Kisha akaacha kucheka, akanieleza. Salamu zetu kila swali lake lataka jibu, na kila jibu ni lazima ulitafute: mguu, Rukia, Nasra, Malindi. Ni vikombe vipya vinavyopandishwa juu ya sinia dogo. Mzima atavishusha arudi kwenye chumvi yake. Aliyeumia hapo mbele akirudi hukuta pameshafagiwa. "Umemfundisha mabakuli," akasema, "hujaufundisha mlango."

Rahisi kusema. Mtakwenda nyinyi kwa mwanamke mzima wa Kibokoni mumwambie watu wampite bila kumwamkia? Mimi nilikwenda. Nilimkuta kitandani, ameelekea ukutani. Nilieleza yote, sinia na mkono na vikombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu.

"Hata wafu husalimiwa, mwanangu. Ukipita makaburini huwapa salamu. Mimi mwataka nipitwe?"

Nilikaa pale nikiona aibu kwa niaba ya vitabu vyote nilivyosoma. Chini, mtu alikuwa akinadi samaki, akapita, akaenda zake.

"Ziwekeni," akasema hatimaye.

"Tuziweke nini, Bi Zuhura?"

"Salamu zangu. Ziwekeni. Nikishapalia makaa mtanipa zote, hata moja isipungue."

Rukia alitoa Ijumaa moja zaidi, na safari hii mlango ulifungwa. Alikula, akajipakulia tena, akaenda barazani na simu yake. Nilimsikia akimwomba radhi yule mpishi wa kukodi. Kisha alibaki huko nje kitambo, na aliporudi alikuwa ameosha uso.

Siku ya harusi nilisimama mlangoni kwa Bi Zuhura tangu jua linatoka. Mimi, mwenye stashahada yangu, askari wa salamu. Wanawake walikuja na visu vyao vya kukatia vitunguu, nami nikawaambia mmoja mmoja: ingia, keti, usiseme naye. Wengine walicheka, wengine waliniapiza chini kwa chini. Uani palikuwa na watu tele, na sauti ilikuwa ya visu peke yake, na ya Bi Zuhura akijisemea, "Nimetia hiki, bado kile." Sijapata kusikia jiko la harusi limenyamaza vile. Walipita nyuma yake wameinamisha vichwa, na yeye kila mtu akipita mabega yalimpanda kidogo.

Kisha akaja Bi Aziza, nyanya yake bwana harusi, amenukia udi, na wanawake wawili nyuma. Mimi ni nani wa kumzuia bibi wa upande wa mume? Nilimnong'oneza, hakusikia, au alisikia akaona ni upuuzi. Akanipita. Bi Zuhura alikuwa amesimama mbele ya maji ya wali, bakuli la chumvi mkononi, limeinama, nusu imeingia.

"Assalaam aleikum."

Visu vikasimama. Kuanza salamu ni hiari ya mtu, kuirudisha ni faradhi, na hakuna pale asiyejua. Nilimwona kwa ubavuni, midomo imefunguka. Akimjibu, chumvi imepotea na harusi imeharibika. Asipomjibu, amemkosea Mungu na amewatusi wakwe siku ya harusi.

"Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh."

Alikuwa Rukia. Alikuwa amesimama katikati ya maganda ya vitunguu, machozi yanamtiririka, ya vitunguu na yasiyo ya vitunguu, ameijibu salamu kwa sauti ya kutosha nyumba nzima. Na mnajua sheria: wakisalimiwa wengi, mmoja wao akijibu amewatosheleza wote. Akamshika Bi Aziza mkono, akamwongoza ndani.

"Mbona mamako hanijibu? Tumemkosea nini?"

"Hamjamkosea, bibi. Mamangu ana ubongo ulioumia na sufuria tatu motoni. Mngojee kidogo tu."

Ile ilikuwa mara ya kwanza Rukia kuyatamka mbele ya watu. Mimi nilikuwa natazama bakuli. Nusu iliyobaki ikaingia. Bakuli likafudikizwa.

Jua lilipokuwa juu alipalia sufuria ya mwisho. Alipanga makaa juu ya mfuniko kwa koleo, bila haraka, akanawa mikono, akaifungua leso kiunoni akajitanda, akaketi kwenye kibao uso wake ukielekea mlangoni.

"Haya," akasema. "Niamkieni."

Wa kwanza kutoka alikuwa Bi Aziza, ambaye kwa cheo chake siku ile ilibidi afuatwe alipo. Alimwinamia, akamuuliza habari za mguu. Kisha wote, mmoja mmoja, safu mpaka kule ngazini. Umeamkaje, na kichwa, na usingizi, na wa Malindi. Bi Zuhura alimjibu kila mmoja kwa ukamilifu, hakumfupishia mtu. Nasra aliteremka kutoka juu na mapambo ya piko mikononi, ijapokuwa bibi harusi hateremki, akampigia magoti nyanya yake. Rukia alipofika mbele alilaza kichwa pajani mwa mamake.

Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Na wewe, askari wangu," akasema, "u hali gani?"

Sinia langu halikuwa na kikombe hata kimoja.

Chumvi ilikuwa sawasawa. Watu walikula wakaomba ukoko.

Aliishi baada ya hapo miaka kadhaa, na sasa nikipita karibu na makaburi alikolala humpa salamu, ndefu, za kwetu. Madamu Mwikali alirudi Machakos, na mwaka jana mwanawe alinipigia kuniambia hayuko tena. Mimi niko pale pale Tononoka. Watoto wangu wako mbali, huniandikia kwenye simu, na wakiwa na shughuli hunitumia kidole gumba. Siwalaumu. Mimi ndiye niliyewafundisha watu kumwacha anayefanya kazi.

Lakini niwaambie ukweli wa mpishi wa mtu mmoja. Kila jioni napanga mabakuli yangu, natia chumvi, nafudikiza, na hakuna aingiaye. Biriani yangu haijazidi chumvi tangu nistaafu, na mara nyingi hubaki. Nimemkumbuka yule jirani mwenye mkono mwepesi. Nimeukumbuka ule ua ukiwa na kelele.

Kwa hivyo wafundisheni wagonjwa wenu mabakuli, na mfundishe na milango yao, na salamu zao mziweke pahala pazuri, wapewe zote. Mimi ubongo wangu haujaumia. Mkipita Tononoka mkasikia harufu ya vitunguu, msingoje nipalie makaa. Pigeni hodi, ingieni, niamkieni nikiwa na chumvi mkononi, mniulize na mguu, na watoto, na nyumba nzima. Ikizidi, maji yapo.